Mwongozo Kamili wa Kuhesabu Miezi ya Kiislamu: Kutoka Mfungo Mosi hadi Ramadhani

Zamani ukimuuliza mzee wa pwani "Leo mwezi ngapi?", alikujibu papo hapo: "Mwezi kumi na mbili, Mfungo Sita," yaani siku ya kumi na mbili ya mwezi uitwao Mfungo Sita. Siku hizi swali hilohilo linamfanya mtu atoe simu mfukoni. Simu inasema kumi na tatu, kalenda ya ukutani inasema kumi na mbili, na imamu msikitini ana hesabu yake. Hapo mtu hukata tamaa, akaiacha kalenda ya Kiislamu iwe kitu cha kukumbukwa Ramadhani tu.

Hakuna haja. Kalenda hii iliwekwa ili ihesabiwe na mtu yeyote mwenye macho, bila kifaa. Mwongozo huu ni wa kukuwezesha kuishika mwenyewe nyumbani: kujua siku inaanza lini, mwezi una siku ngapi, utautafuta wapi mwandamo, na hesabu hiyo utaitumia vipi katika zaka, eda na saumu.

Hatua ya kwanza: Anza siku magharibi

Hili ndilo la msingi, na ndilo linalowachanganya wengi. Katika kalenda ya mwandamo, siku inaanza jua linapotua. Usiku unatangulia, mchana unafuata. Kwa hiyo Alhamisi jua likizama, umeshaingia Ijumaa. Ndiyo maana tunasema "usiku wa kuamkia Ijumaa", na wengine husema kwa mkato "usiku wa Ijumaa" wakikusudia usiku huohuo. Mtoto aliyezaliwa Alhamisi saa tatu usiku, tarehe yake ya Kiislamu ni ya Ijumaa.

Msemaji wa Kiswahili ana bahati hapa, kwa kuwa saa zetu zinakwenda na mpango huu. Saa moja ya usiku ni saa ya kwanza baada ya jua kutua.

Faida ya jambo hili inaonekana zaidi Ramadhani. Usiku wa mwezi 27 unaingia unapofuturu chungu cha 26 (yaani saumu ya siku ya 26), si baada ya kufunga cha 27. Anayetaka kukaa itikafu kumi la mwisho anaingia msikitini kabla ya magharibi ya chungu cha 20, kwa sababu usiku wa 21 ni wa kwanza katika hilo kumi. Mtu akikosea hapa, atakesha mikesha yake yote ya witiri, ile ya 21, 23, 25, 27 na 29, akiwa amechelewa usiku mmoja.

Hatua ya pili: Shika majina na namba zake

Miezi ni kumi na miwili, kama ilivyotajwa katika Sura At-Tawba, aya ya 36, na minne kati yake ni mitukufu. Waswahili tumeipa tisa kati ya hiyo majina yetu, tukihesabu tangu tunapofungua saumu ya Ramadhani. Wengine huandika Mfungo, wengine Mfunguo, ni mamoja. Huu hapa mpangilio wa mwaka wa Hijria wenyewe:

1. Muharram: Mfungo Nne
2. Safar: Mfungo Tano
3. Rabiul Awwal: Mfungo Sita
4. Rabiul Akhir: Mfungo Saba
5. Jumadal Ula: Mfungo Nane
6. Jumadal Akhira: Mfungo Tisa (au Mfungo Kenda)
7. Rajabu
8. Shaabani
9. Ramadhani
10. Shawwal: Mfungo Mosi
11. Dhulqaada: Mfungo Pili
12. Dhulhijja: Mfungo Tatu

Miezi mitukufu ni Mfungo Pili, Mfungo Tatu, Mfungo Nne na Rajabu.

Tazama vizuri mwaka unapogeuka. Hesabu yetu ya mifungo inaanza baada ya Ramadhani, lakini mwaka wa Hijria unabadilika kati ya Mfungo Tatu na Mfungo Nne. Mtu anayesikia "Mfungo Mosi" hudhani mwaka mpya umeingia, kumbe bado miezi mitatu. Ukikutana na tarehe iliyoandikwa kwa namba tupu, mfano 12/3/1447, kanuni ni hii: kuanzia Mfungo Nne hadi Tisa, toa tatu upate namba ya mwezi, kuanzia Mfungo Mosi hadi Tatu, ongeza tisa. Mfungo Sita toa tatu ni tatu, kwa hiyo tarehe hiyo ni mwezi 12 Mfungo Sita, siku ya Maulidi.

Nasisitiza watoto wafundishwe majina yote mawili. Anayejua Muharram peke yake hataielewa barua ya babu yake, na anayejua Mfungo Nne peke yake atashindwa kufuata darsa. Kwa kumbukumbu za mwaka, hizi ndizo zinazotajwa zaidi: mwezi 10 Mfungo Nne ni Ashura, 12 Mfungo Sita ni Maulidi, 27 Rajabu ni Miraji, 15 Shaabani ni Nisfu Shaabani, mwishoni mwa Shaabani watu huvunja jungu, mwezi mosi Mfungo Mosi ni Idi ya kufungua, 9 Mfungo Tatu ni Arafa, na 10 ni Idi ya kuchinja, ambayo wengi huiita Idi Kubwa. Siku tatu zinazofuata, 11 hadi 13, ni za tashriki, na hazifungwi.

Hatua ya tatu: Fungua daftari, ujue ishirini na tisa ni siku ya kazi

Kutoka mwandamo hadi mwandamo, mwezi huchukua wastani wa siku 29, saa 12 na dakika 44 hivi. Kwa kuwa hatuwezi kuhesabu nusu siku, mwezi mmoja unakuwa na siku 29 na mwingine 30. Wazee waliuita wa 29 mwezi mpungufu, na wa 30 mwezi kamili. Haupo wa 28, wala wa 31. Mara nyingi hupishana, lakini si lazima: inaweza kufuatana miezi kamili miwili au mitatu, na mipungufu miwili. Kwa hiyo usikae ukasema "uliopita ulikuwa thelathini, basi huu lazima uwe ishirini na tisa."

Chukua daftari dogo. Kila mwezi unahitaji mstari mmoja: jina la mwezi, siku ya wiki na tarehe ya kawaida iliyokuwa mwezi mosi, na mwisho wake kama ulikuwa mpungufu au kamili. Ukishajua mwezi mosi ilikuwa Jumatatu, basi mwezi 8, 15, 22 na 29 zote ni Jumatatu. Huhitaji zaidi ya hapo. Weka alama kwenye ile ya 29, kwa sababu jioni yake ndiyo ya kutoka nje.

Jioni hiyo kuna mambo mawili tu. Mwezi ukiandama, mwezi wako umekwisha na usiku huo ni mwezi mosi. Usipoonekana, iwe kwa mawingu au kwa kuwa haupo, unatimiza thelathini, na kesho yake jioni hakuna haja ya kuutafuta: mwezi mpya umeingia hata kama mbingu imefunikwa. Kanuni hii imetoka kwa Mtume (S.A.W.) mwenyewe, katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim: fungeni kwa kuuona, na fungueni kwa kuuona, na mkifunikwa na mawingu basi timizeni hesabu. Siku ya 30 ya Shaabani ambayo watu wamekaa na minong'ono ya mwezi bila ushahidi ndiyo inayoitwa siku ya shaka.

Hatua ya nne: Utafute mwezi mahali pake

Hapa ndipo penye elimu, na ndipo watu wanapofanya haraka.

Hilali, yaani mwezi mwandamo, huonekana magharibi, karibu na jua lilipozama, baada tu ya kuzama. Angalia jua linapotua uweke alama kwa jicho: mnazi, mnara, kilima. Kisha subiri. Dakika chache za mwanzo mbingu bado ina mwanga mwingi. Nafasi nzuri huwa kati ya dakika 15 na 40 baada ya jua kutua, hilali yenyewe ikiwa haijazama. Tafuta juu ya alama yako na pande zake zote mbili, kushoto na kulia, kwa sababu mwezi hauzami daima palepale lilipozama jua.

Usitazamie upinde uliosimama kama ule wa kwenye bendera. Huku kwetu, karibu na ikweta, hilali mara nyingi hulala chali kama dau, pembe zake zikitazama juu, na mgongo ukielekea jua lilikozama. Mtu akikwambia ameuona pembe zikiwa zimeelekea chini, jua kwamba ameona kiwingu.

Chagua mahali. Dar es Salaam, Mombasa na mji wa Lamu bahari iko mashariki, kwa hiyo ufukweni unaipa kisogo mbingu unayoitaka, na majengo yanakuziba. Afadhali ghorofani au kilimani. Mji Mkongwe wa Unguja una bahati yake: Forodhani inatazama magharibi, na jua unaliona linavyozama majini. Wa Kigoma na Ujiji wanatazama magharibi juu ya Ziwa Tanganyika, ila milima ya ng'ambo, upande wa Congo, inaficha kipande cha chini cha mbingu, nao wanahitaji mwezi ulio juu kidogo.

Darubini inaruhusika kusaidia jicho, lakini usiielekeze magharibi kabla jua halijazama lote. Jua ndani ya darubini hupofusha.

Kuna ushahidi mmoja wa kukusaidia kabla ya kutoka. Alfajiri ya mwezi 28 au 29, tazama mashariki. Ukiuona mwezi mwembamba kabla ya jua kuchomoza, basi jioni ya siku hiyohiyo usitarajie kuuona kwa macho magharibi. Haujafika bado kuungana na jua na kulipita. Baada ya muungano huo, kwa kawaida unahitaji zaidi ya saa 15 au 20 ili uwe na mwanga wa kuonekana kwa jicho tupu. Ndiyo maana mwezi unaoitwa na wanajimu "mwezi mpya" kwenye simu yako si mwandamo. Ni ile saa ya giza lake, na mwandamo hufuata jioni ya kesho yake, pengine ya kesho kutwa.

Jambo la mwisho katika hatua hii: usiupime mwezi kwa unene. Kila mwaka ikifika jioni ya pili ya Ramadhani utasikia mtu akinyoosha kidole, "Mwezi ule ni wa siku tatu, tumekula siku." Swali hili ni la zamani. Katika Sahih Muslim imepokewa kwamba watu walipokuwa Batn Nakhla waliuona mwezi, mmoja akasema ni wa siku mbili, mwingine wa siku tatu. Ibn Abbas, sahaba wa Mtume, akawajibu kuwa ni wa usiku ule waliouona. Hilali iliyokosa kuonekana jana ikiwa na umri wa saa kumi, leo ina saa thelathini na nne, lazima iwe nene.

Hatua ya tano: Usome mwezi katikati ya mwezi

Daftari likipotea, mbingu inakurudishia hesabu. Kila siku mwezi unachelewa kama dakika 50 kuliko jana. Mwezi saba hivi, magharibi ikiingia utaukuta nusu, juu ya kichwa, nao utazama karibu na saa sita usiku. Mwezi 14 au 15, unachomoza mashariki wakati jua linazama magharibi. Huo ni mwezi mpevu. Siku za 13, 14 na 15 ndizo ayamul bidh, siku nyeupe, zinazosuniwa kufungwa. Ukiona baada ya magharibi kunapita giza kwanza ndipo mwezi utoke, umeshavuka kumi na tano. Mwezi 22 hivi unachomoza saa sita usiku, na kufika 27 unauona alfajiri tu.

Wanaoishi na maji hawahitaji kuambiwa haya. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapopevuka, kwa kawaida ikichelewa siku moja au mbili, na maji mafu huja katikati yake, karibu na mwezi 8 na 23. Wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani hupanga kazi yao kwa bamvua, bahari inapokupwa sana asubuhi. Wavuvi wa dagaa wanaotumia taa huvua kwenye giza, na mbalamwezi ikikolea hupumzika. Ukitaka kujua leo mwezi ngapi na huna pa kuuliza, muulize mmoja wao.

Usichanganye tu hesabu hii na ya Nairuzi, ile inayoadhimishwa Makunduchi kwa Mwaka Kogwa mwezi Julai. Hiyo inafuata jua, na kazi yake ilikuwa pepo, kilimo na safari za majahazi.

Hatua ya sita: Jua unamfuata nani, na kwa nini majirani wanatofautiana

Kwa mwezi wa kawaida daftari lako linatosha. Kwa Ramadhani, Idi na Arafa, jambo ni la jamaa nzima. Ukiuona mwezi, peleka ushahidi kwa imamu wako mapema usiku huohuo, naye aufikishe mbele: Tanzania Bara kwa BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu Tanzania) na Mufti, Zanzibar kwa Ofisi ya Mufti, Kenya kwa Kadhi Mkuu. Utaulizwa uliuona wapi, saa ngapi, pembe zilielekea wapi, na ulikuwa na nani. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi pwani, shahidi mmoja mwadilifu anatosha kuingiza Ramadhani, lakini kuitoa kunahitaji wawili.

Ubishi wa mwezi wa kitaifa na mwezi wa kimataifa hauanzii kwetu. Kuraib, mtumishi wa Ibn Abbas, alitumwa Sham (Syria) kwa Muawiya aliyekuwa mtawala huko, akauona mwezi wa Ramadhani usiku wa Ijumaa. Aliporudi Madina akamkuta Ibn Abbas na watu wake waliuona usiku wa Jumamosi. Akamuuliza kama hautoshi mwandamo wa Muawiya, Ibn Abbas akakataa. Wanaofuata mwandamo wa kila eneo wanaitegemea hadithi hii. Wanaosema mwezi ni mmoja kwa wote wanaitegemea ile ya "fungeni kwa kuuona", iliyosemwa kwa wote. Pande zote mbili zina wanazuoni, na haipendezi hata kidogo kuona ndugu wa nyumba moja wakisusiana biriani ya Idi kwa ajili hii. Rai yangu ni kufuata tangazo la mahali unapoishi, ili mswali Idi pamoja.

Watu husema tofauti yetu na Makka inatokana na umbali wa saa. Sivyo. Makka na pwani yetu ziko karibu kwenye longitudo moja, nyuzi 39 na kitu mashariki, na saa zetu ni zilezile. Kinachotofautiana ni kwamba Makka iko kaskazini zaidi, na hilali hukaa kwa mlalo mwingine. Na pia masharti ya kukubali ushahidi. Zaidi ya hayo, kalenda ya Ummul Qura inayotumiwa Saudia kwa shughuli za kiserikali hupangwa kwa hesabu: ikiwa mwezi umeungana na jua kabla ya magharibi ya Makka na unazama baada ya jua, kesho ni mwezi mosi, hata kama jicho haliwezi kuuona. Programu nyingi za simu hufuata hiyo. Nenda kwenye mipangilio utafute sehemu ya kurekebisha tarehe ya Hijria, upunguze siku moja inapobidi.

Hatua ya saba: Geuza miaka

Khalifa Umar bin Khattab ndiye aliyeweka kuhesabu kuanzia Hijra ya Mtume ya mwaka 622. Mwaka wa mwandamo una siku 354 au 355, pungufu ya ule wa jua kwa siku kama 11, na miaka 33 ya Hijria ni takriban 32 ya jua.

Kupata mwaka wa Hijria: toa 622, zidisha kwa 33, gawanya kwa 32. Mfano 1964: kutoa 622 ni 1342, zidisha na ugawanye, unapata 1383 na zaidi. Ni kweli, Mapinduzi ya Zanzibar ya tarehe 12 Januari 1964 yalitokea mwishoni mwa Shaabani 1383, siku chache kabla ya Ramadhani. Kurudi nyuma, zidisha mwaka wa Hijria kwa 32, gawanya kwa 33, ongeza 622. Jibu linaweza kupishana kwa miezi kadhaa, kwa hiyo kama unatafuta tarehe ya kuzaliwa ya mzee, hakiki kwa msimu na matukio anayoyakumbuka.

Kwa kupanga mbele, rudisha siku 10 hadi 12 kila mwaka. Ramadhani iliyoanza mwanzoni mwa Machi 2025 inaangukia katikati ya Februari 2026, na mwaka 2030 zitaingia mbili, ya kwanza mwanzoni mwa Januari na ya pili mwishoni mwa Desemba. Ilikuwa hivyohivyo 1997. Ukipanga harusi au safari karibu na Idi, acha siku mbili wazi.

Hatua ya nane: Tumia hesabu hii kwenye haki za watu

Zaka ya mali inahesabiwa kwa mwaka wa mwandamo. Mali yako ikifika nisabu (kiwango cha chini kinachowajibisha zaka) mwezi 5 Rajabu, unatoa asilimia 2.5 mwezi 5 Rajabu ijayo. Anayetoa kila Januari anachelewa siku 11 kila mara, na katika miaka 33 hivi amewakosesha maskini zaka ya mwaka mzima. Kama biashara yako lazima ifunge hesabu kwa kalenda ya kawaida, wanazuoni wa sasa wanakadiria asilimia 2.577 kufidia tofauti hiyo.

Kubaleghe kwa umri ni miaka 15 ya mwandamo, ambayo kwa ya jua ni takriban miaka 14 na miezi sita na nusu. Mtoto anayesubiri kutimiza 15 ya cheti cha kuzaliwa anaweza kupitwa na saumu za faradhi.

Eda ya mjane asiye mjamzito ni miezi minne na siku kumi, na miezi hiyo ni ya mwandamo. Mume akifariki mwezi mosi, hesabu ni nyepesi: miezi minne kama itakavyoandama, kisha siku kumi. Akifariki katikati, tuseme mwezi 12 Mfungo Sita, na Mfungo Sita ukawa mpungufu, zimebaki siku 17. Hesabu Mfungo Saba, Nane na Tisa kama zitakavyoandama, iwe 29 au 30. Ingia Rajabu uchukue siku 13 kuukamilisha ule mwezi uliokatika uwe 30, halafu ongeza kumi. Eda inatimia mwezi 23 Rajabu. Andikeni tarehe ya Kiislamu ya kifo siku ileile ya msiba, pamoja na saa na kama magharibi ilikuwa imeingia, kisha mpelekeeni sheikh hesabu hiyo aihakiki.